Matanga ya Panga la Upepo

Nchi yetu ina jina, lakini sheria inamtaka kila anayelitaja asimame wima na kuweka mkono wa kulia kifuani. Mimi naandika nimekaa, na mkono ninaoandikia ndio huo huo wa kulia, kwa hiyo mtanisamehe. Itoshe kusema ni nchi nzuri, yenye amani kupita kiasi, na kila jambo baya linalotokea ndani yake hutangazwa kuwa limetokea nchi jirani.

Mimi ni mshereheshaji wa Wizara ya Upepo. Kazi yangu ni kushika kipaza sauti na kuwaomba wananchi wapige makofi, na wasipopiga, kuwashukuru kwa makofi yao. Sina ugomvi na mtu. Nayasimulia haya kwa sababu yalitokea mbele ya kipaza sauti changu, na kwa sababu redio ya taifa iliyasimulia vingine kabisa.

Wizara yetu ilizaliwa siku marafiki wa ng'ambo walipogundua kwamba tuna upepo. Sisi wenyewe tulikuwa tunaujua, maana kila mwaka mabati yetu huaga, lakini hatukujua kwamba ni rasilimali. Wakaja Uwanda wa Kipembe, wakasimamisha minara mirefu, na juu ya kila mnara wakafunga mapanga matatu meupe, kila panga refu kiasi kwamba watoto wa shule nzima wangeweza kulala juu yake kwa mstari, kichwa kwa miguu, na bado mwalimu mkuu akapata nafasi. Watu wa Kipembe wakayaita feni. Walidhani Serikali imesikia kilio chao cha joto.

Umeme ulipita kwenye nyaya juu ya mapaa yao ukaenda mji mkuu. Kipembe wakabakiwa na mlio.

"Mlio huo ni wenu!" Waziri aliwaambia siku ya uzinduzi. "Hakuna atakayewanyang'anya!"

Nikawaomba wapige makofi. Waziri wetu ni Mheshimiwa Dakta Mhandisi Kasembe. Udakta alitunukiwa na chuo alichokizindua yeye mwenyewe, na uhandisi aliupata siku alipokata utepe wa daraja bila mkasi kumteleza.

Sasa, hakuna kitu kisichochakaa, ila katika mipango yote ya Wizara neno hilo halikuwamo. Radi ilipiga, mchanga ukaguguna, mapanga ya mnara wa kwanza yakapasuka kingo. Marafiki wa ng'ambo wakaleta mapya, marefu zaidi, na yale ya zamani yakateremshwa. Yakatafutiwa mahali pa kuwekwa kwa muda. Mahali palipopatikana ni shamba la Bi Siwema, kwanza kwa kuwa ni tambarare, pili kwa kuwa siku hiyo Bi Siwema alikwenda harusini.

Bi Siwema ni mjane, na shamba hilo alilifyeka yeye na marehemu mumewe, wakang'oa visiki kwa mikono. Analima mtama na choroko. Hana jingine. Aliporudi kutoka harusini, hina haijakauka vidoleni, alikuta mapanga matatu yamelala juu ya miche yake, yamelienea shamba kutoka mpaka hadi mpaka. Akalipiga moja teke, akaumia yeye. Akaleta shoka, shoka likaruka. Shemeji yake akamshauri alichome moto, na moshi uliotoka ulikuwa mweusi na mchungu hata kuku wa jirani wakaacha kutaga. Maana mapanga yale ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, na gundi hiyo ilitengenezwa isiachie kamwe.

"Kwa muda" katika nchi yetu ni kipimo kirefu kuliko vyote. Mvua za kwanza zikapita Bi Siwema hajapanda. Za pili zikapita. Akawa anakula kwa shemeji, na shemeji huyo ni mtu mwema, lakini kila alipompakulia chakula alikuwa anaugua kwa sauti. Bi Siwema akaapa kwamba mvua za tatu hazitamkuta kwenye sahani ya mtu.

*

Basi Waziri alipokuja Kipembe kuzindua mapanga mapya, Bi Siwema akanyoosha mkono. Nilijaribu kutomwona. Akasimama juu ya benchi.

"Mheshimiwa, mimi nina swali moja. Hili feni likifa, linakwenda wapi?"

Waziri alicheka kicheko cha kibaba. "Mama yangu, upepo ni nishati safi! Upepo hautoi moshi, hautoi majivu, hauombi likizo! Upepo unatoka baharini, unapanda milima..."

"Sijauliza upepo unatoka wapi. Nimeuliza feni linakwenda wapi."

Watu wakacheka, na Waziri akaona ni lazima achukue hatua. Hapo hapo akaunda Tume ya Kuchunguza Kama Inafaa. Kazi ya Tume, alisema, ni kutazama iwapo inafaa taifa lijisumbue kupata mapanga yanayoweza kutumika tena au kuoza, au haifai. Nikawaomba wapige makofi, wakapiga, kwa kuwa hawakujua bado kwamba Tume ingehitaji kusafiri.

Tume ilizunguka ng'ambo kuangalia kama mapanga ya huko yanaoza. Ikarudi na ripoti nene kwamba hayaozi, na kwamba hoteli za huko ni nzuri. Mjumbe mmoja tu, Profesa Ndimbo, mtu mwembamba anayesema polepole, ndiye aliyepotea njia akaingia kiwandani. Aliwaambia wenzake kwamba siku hizi ipo gundi inayokubali kuyeyushwa, ili nyuzi zitolewe na kufumwa upya, na kwamba hata yale mapanga ya zamani yanaweza kukatwa yakawa paa la soko au kivuko cha mtoni. Ila jambo hilo linataka kuamuliwa wakati wa kununua, akasema, na gundi hiyo ni ghali kidogo.

Mjumbe mwingine, mchumi, akamkatiza. "Profesa, tuwe wakweli. Katika takataka zote za taifa hili, mapanga ni kijiko kimoja. Tunajisumbulia nini na kijiko kimoja?"

Bi Siwema alikuwa ameitwa kutoa maoni, kwa sababu ripoti ilihitaji picha ya mwanamke. Akasema, "Kijiko kimoja cha mafuta ya taa kwenye sufuria ya uji nacho ni kidogo. Basi bwana huyu anywe uji wangu."

Katibu wa Tume akaandika kwamba mwananchi aliipongeza Tume.

*

Kumbe katika safari zile Waziri naye alikwenda, akasikia neno "kuoza" likisemwa kwa heshima na wazungu waliovaa suti. Lilimkaa. Kutumia tena hakukumvutia, maana kulinuka umaskini, mambo ya kushona viraka. Lakini kuoza! Kurudi mavumbini! Alimwita Profesa Ndimbo akamwagiza atengeneze panga la kwanza duniani linalooza, liwe tayari kwa Sikukuu ya Uhuru.

"Mheshimiwa, hiyo ni kazi ya miaka," alisema Profesa.

"Uhuru wenyewe ulikuja kwa usiku mmoja," alijibu Waziri. Profesa alikuwa na watoto wanaosoma, akaenda.

Akatengeneza panga la katani na wanga wa muhogo. Kwa kweli lilikuwa zuri kulitazama. Likapandishwa mnarani, bendi ikapiga, Waziri akashika kipaza sauti changu akatangaza kwamba leo nchi yetu imeitoa dunia gizani. Alipofika kwenye neno "gizani" mvua ikaanza. Panga likanywa maji. Likavimba, likalegea, likaanza kushuka pole pole kama ulimi wa ng'ombe aliyechoka, na harufu ya makopa ikatanda uwanjani. Mbuzi wa Kipembe hawakungoja hotuba iishe. Lilipogusa ardhi walikuwa wameshajipanga.

Waziri hakutikisika. Nampa haki yake, mtu yule hatikisiki. "Ndugu wananchi!" akasema. "Mmeona kwa macho yenu! Linaoza!"

Nikawaomba wapige makofi. Profesa Ndimbo alikuwa amesimama karibu na jukwaa, maji yanamtiririka usoni, na Bi Siwema akamfunika kwa ncha ya kanga yake.

"Si hivi, mama," Profesa alimwambia. "Kuoza peke yake si sifa. Panga linatakiwa liwe imara likiwa kazini, na likimaliza kazi likubali kuondoka. Yote mawili. Hilo linawezekana, wakinipa muda. Na ile gundi ya kuyeyuka ipo leo leo, wangeinunua tu!"

"Basi umetengeneza kinyume, mwanangu," akasema Bi Siwema. "Umetengeneza kama viongozi wetu. Wakiwa kazini wanaoza, na muda wao ukiisha hawaondoki."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Mimi nilikizima, lakini maneno yalikuwa yameshafika kwa muuza kahawa wa mwisho. Bi Siwema akachukuliwa kwa mahojiano. Jioni aliachiwa, kwa kuwa kila askari aliyeingia kumhoji alitoka akiwa ameulizwa yeye maswali.

*

Baada ya hapo Serikali iliona njia ya maabara ni ndefu na ina mbuzi wengi. Ikapitia Bungeni. Katika kikao kimoja wakapitisha Sheria ya Kuoza, isemayo kwamba panga lolote litakalozikwa kwa heshima za Serikali litahesabiwa kuwa limeoza, na mwananchi atakayeliona baada ya hapo atahesabiwa kuwa hajaliona. Mbunge mmoja mgeni, asiyejua desturi, akauliza itakuwaje likichomoza. Akajibiwa kwamba litakuwa limechomoza kinyume cha sheria.

"Wenzetu wanahangaika na maabara," Waziri aliwaambia waandishi wa habari. "Sisi tuna Bunge!"

Yakatangazwa mazishi ya kitaifa ya mapanga matatu, pale pale yalipolala, shambani kwa Bi Siwema. Redio ikapiga nyimbo za maombolezo. Mimi nikaandaa ratiba.

Siku yenyewe Bi Siwema alikuwa amesimama katikati ya shamba na jembe begani. "Mkiyafukia hapa sitapanda tena maisha yangu," aliwaambia askari. "Mzizi hauwezi kupita hapo. Mnanizika mimi." Wakamkalisha kwenye kiti, wakambeba kwa heshima, kiti na yeye, wakamweka pembeni. Alilia, jamani. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamke yule analia, na sikupenda. Nikajishughulisha na nyaya zangu.

Sasa niwaeleze desturi yetu, kwa wasiotoka kwetu. Maiti akishawekwa kaburini, kabla udongo haujarudi, ndugu wa marehemu husimama akasema maneno haya: mwenye kumdai marehemu, aje kwangu. Huyo aliyeyasema ndiye mfiwa. Matanga hukaa nyumbani kwake, watu hulala kwake, hula kwake, na tanga halianuliwi mpaka kila mwenye dai ameridhika au amesamehe. Maneno hayo hayafutiki. Wapo watu kwetu walioacha kuhudhuria mazishi ya baba zao wenyewe kwa kuyaogopa.

Kwenye ratiba yangu nilikuwa nimeandika "Msemaji wa Familia" na mbele yake nikaacha wazi, maana panga lina familia gani? Nilipofika hapo nikasogea pembeni. Kipaza sauti kikabaki kimesimama peke yake juani, bila mtu.

Waziri wetu ana udhaifu mmoja tu, hawezi kuona kipaza sauti kimekaa bure. Akainuka.

"Marehemu hawa hawakuwa yatima!" akanguruma. "Wana ndugu! Wana baba! Wana Serikali! Na mimi, Kasembe, nasema mbele ya taifa zima: mwenye kumdai marehemu, aje kwangu! Nyumbani kwangu! Mlango uko wazi!"

Hata bendi ilisahau kupiga. Bi Siwema aliinua uso, akafuta machozi kwa kiganja, akasimama juu ya kile kiti walichombebea.

"Mmesikia?" akauliza.

"Tumesikia!" uwanja wote ukaitikia, kama desturi inavyotaka.

*

Kesho yake asubuhi watu wa Kipembe walifika kwenye mtaa wa mawaziri wakiwa na mikeka, masufuria na kuni. Askari wa getini akauliza wamekuja kufanya nini.

"Tumefiwa," akasema Bi Siwema.

Askari akavua kofia. Katika nchi yetu unaweza kumpiga mwandamanaji, unaweza kumfunga mwenye kuuliza, na kuna medali kwa yote mawili, lakini hajazaliwa mtu wa kumfukuza aliyekuja matangani. Atakayethubutu hatapata wa kumzika. Geti likafunguliwa, wakaingia, wakatandika mikeka kwenye nyasi ambazo hata watoto wa Waziri walikatazwa kuzikanyaga, wakaanza kulia.

Waziri alitoka na taulo begani. "Mnalia nini? Lile ni panga!"

"Wewe ndiye mfiwa, Mheshimiwa," alisema Bi Siwema. "Wewe una majukumu mengi. Tunakulilia."

Mke wa Waziri, Bi Mgeni, ni mwanamke aliyelelewa. Alikuwa ameshatoa sukari na majani ya chai, ameketi mkekani, kanga kichwani, analia kuliko wote. Nasikia alikuwa na mengi ya kulilia na hakuwahi kupata nafasi.

Ilipofika saa ya madai, Bi Siwema akasema la kwake. "Mimi namdai marehemu shamba langu. Amelala juu yake. Aondoke, mvua iko njiani."

"Mama, kisheria marehemu ameshaoza!"

"Aliyeoza amekuwa udongo. Haya, nionyeshe huo udongo nipande choroko."

Waziri akaahidi barabara itakayoitwa Siwema. Akaambiwa barabara hailiwi. Akaahidi nishani ya uvumilivu daraja la pili. Bi Siwema akauliza kama nishani hiyo inaota. Akaahidi kiti ndani ya Tume.

"Nikikaa kwenye Tume, nani atapalilia?" akasema. "Baba, usinizungushe. Sikuja kuomba, nimekuja kudai. Ulisema mwenyewe, na redio ilikuwapo."

Habari zikaenea, na wenye madai mengine wakaanza kuja na mikeka yao. Walikuja watu waliodai kiwanda cha korosho kilichofariki kabla ya kuzaliwa. Walikuja waliodai mashine ya hospitali iliyokufa ndani ya boksi. Walikuja waliodai daraja lile lile lililompa Waziri uhandisi. Hao marehemu wengine hawakuzikwa hata, lakini mlango si uko wazi? Bustani ikajaa, kuta zikajaa, polisi waliotumwa kuwaondoa wakatoa rambirambi zao wakaketi upande wa wanaume. Mtaa mzima wa mawaziri ukawa unanuka ubwabwa.

Mimi nikaitwa. Waziri akanipa kikaratasi nikitangaze, kwamba msiba umekwisha na watu watawanyike kwa amani na utulivu. Nikakitangaza. Hakuna aliyeinuka.

"Bwana mshereheshaji," Bi Siwema akaniambia, bila ukali, "tanga linaanuliwa na mfiwa. Wewe ni mfiwa?"

"Hapana, mama. Ni kweli usemayo," nikajibu, na kipaza sauti kilikuwa kimewaka. Safari hii sikukizima. Sijui kidole kilipatwa na nini.

Watu wakapiga makofi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupata makofi ambayo sikuyaomba.

Waziri akaninyang'anya kipaza sauti. Uso ulikuwa umemvimba. "Hakuna matanga hapa!" akafoka. "Hakuna msiba! Hakuna marehemu! Marehemu hakufa!"

Vilio vikakatika. Bi Siwema akajifunga kanga kiunoni.

"Hakufa?"

"Hakufa! Amepumzika tu!"

"Jamani, mmesikia? Mtu hakufa, na amezikwa. Amezikwa hai!" Akawageukia watu wote wa bustani ile. "Mnakaa kufanya nini? Twendeni tukamtoe!"

*

Walivyochimba sitaeleza, kwa sababu sheria inanihesabu kuwa sikuona. Nitaeleza tu walivyobeba.

Kwetu jeneza halibebwi na watu maalumu. Kila aliyepo hupenya atie bega, aende hatua chache, ampishe mwingine, na jeneza huelea juu ya vichwa vya watu bila mtu mmoja kuhisi uzito wake. Hivyo ndivyo mapanga yale yalivyotoka Kipembe. Watu wa kijiji waliyabeba mpaka njia panda, pale wakawakuta watu wa kijiji cha pili wanangoja. Wauza nyanya waliacha nyanya. Basi la abiria lilisimama likateremsha mabega. Profesa Ndimbo alipenya akatia la kwake jembamba, miwani imemteleza mpaka puani, anacheka kama mwendawazimu. Na sauti ilikuwa kubwa, lakini si ya maombolezo tena.

"Tunampeleka wapi?" mtu akauliza.

"Mtu akifufuka anarudishwa kwao," akasema Bi Siwema. "Waziri alishasema ana baba."

Geti la Waziri halikutosha. Yakalazwa barabarani, moja baada ya jingine, mtaa wote wa mawaziri, mlango kwa mlango. Kisha watu wakakunja mikeka yao, wakamshukuru Bi Mgeni kwa chai, wakaenda makwao. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika na kila mtu alikuwa na shamba lake.

Kulipokucha hakuna waziri aliyeweza kutoa gari. Wakaita winchi. Dereva wa winchi, mtu mwenye kujali kazi yake, akauliza anyanyue kitu gani. Mwanasheria wa Serikali akaandika neno moja, akalifuta. Kutaja panga ni kukiri kwamba halikuoza, na kuliona ni kosa. Dereva akasema basi yeye haoni kitu, akageuza winchi. Mawaziri wakaenda kazini kwa miguu, wakiruka kitu ambacho hakikuwapo.

Hapo Tume ya Kuchunguza Kama Inafaa ikaitwa kwa haraka, ikakutana nyumbani kwa Waziri baada ya kupanda juu ya panga mmoja mmoja na mikoba yao. Yule mchumi wa kijiko alichana suruali. Kwa muda wote ule walikuwa hawajaafikiana hata juu ya maana ya neno "kama". Sasa hata chai haikupata muda wa kupoa. Wakaamua kwa sauti moja kwamba inafaa, inafaa sana, tena ilikuwa inafaa tangu mwanzo, na waliochelewesha jambo hili wachukuliwe hatua. Kuanzia sasa nchi haitanunua panga ila la ile gundi inayoyeyuka, na anayetuuzia jipya achukue la zamani arudi nalo kwao. Profesa Ndimbo apewe kiwanda cha kuyakata yaliyopo yawe paa la soko la Kipembe, na apewe muda anaoutaka. Redio ikatangaza kwamba wazo hilo Mheshimiwa alilipata akiwa anaoga.

Ila kiwanda hakijengwi kwa siku moja, na barabara ni barabara. Wakubwa wakamtuma Waziri Kipembe akazungumze. Alikwenda kwa lori la kokoto na kwa miguu, nami nyuma yake na kipaza sauti changu, kwenye mvua.

Tulimkuta Bi Siwema shambani. Mahali palipokuwa na shimo palikuwa na tuta jeusi lililolimwa vizuri, mistari imenyooka. Alikuwa ameinama, anafukia mbegu kwa kisigino.

Waziri akasimama mbele yake, viatu vimejaa tope. "Bi Siwema," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia anazungumza bila kipaza sauti. "Nchi inakuomba. Mpaka kiwanda kikamilike. Utuhifadhie yale... utuhifadhie tu. Kwa muda."

"Nimeshapanda," akasema Bi Siwema.

"Lakini hakuna kilichoota bado."

"Nimeshapanda, Mheshimiwa."

"Mama, nitaandika mkataba. Nitaapa. Mimi ni Waziri!"

Bi Siwema akanyoosha mgongo. Akamtazama usoni, kisha akamtazama miguuni.

"Umesimama juu ya choroko zangu," akasema. "Toa mguu."

Waziri aligeuka akanitazama mimi, na nikajua anataka nini. Nikakiweka kipaza sauti mfukoni.

Akatoa mguu.